Mwacheni Mwanafunzi Apulize Kwanza



Katika mkutano wa mwisho wa tawi letu hapa Uganda, mzee mmoja wa kazi hii, ambaye mimi namheshimu sana, alisimama akasema kwamba saa ya muziki katika klabu ya Kiswahili ya shule yangu inapotezwa bure. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba kinanda cha mdomo ni kitu cha kuchezea watoto. Ya pili, kwamba hata kama si cha kuchezea, wanafunzi wangu wanakipiga bila kujua noti. Na mtu apigaye bila kujua noti, alisema, ni sawa na mtu asemaye lugha bila kujua sarufi yake. Akapendekeza vinanda vyetu sita vifungiwe kabatini mpaka wanafunzi wamalize muhula mzima wa nadharia ya muziki. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mkutano ujao utapiga kura.

Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya heshima ya umri. Lakini kunyamaza si kukubali, na jambo hili si dogo kama lilivyoonekana pale mkutanoni. Kwa hiyo najibu leo kwa kalamu, waziwazi, bila kumtaja mtu. Nasema hivi: anayeanza kujifunza kinanda cha mdomo aanze kwa pumzi, kwa sikio, na kwa wimbo anaoujua tayari. Noti zije baadaye, zimkute ana kitu cha kuandika. Anayegeuza utaratibu huo hafundishi muziki, anafundisha woga. Na woga huo tunaufahamu vizuri sisi walimu wa Kiswahili, maana tumeupanda kwa mikono yetu wenyewe.

Nianze na ushahidi wa mwili wangu. Nilinunua kinanda changu cha kwanza katika duka moja la Kampala nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilifanya kile ambacho walimu hufanya: nilitafuta kitabu kwanza. Kwa muda wa miezi mitatu nilijifunza mistari mitano, nafasi zake nne, noti nzima, nusu noti na robo noti. Niliweza kukuambia noti yoyote iliyoandikwa inakaa mstari gani. Kinanda chenyewe kilikuwa juu ya kabati, ndani ya kijisanduku chake, kimenyamaza. Jioni moja binti yangu wa miaka tisa alikichukua bila ruhusa akaketi nacho kizingitini. Mara ya kwanza alitoa kelele. Kabla ya chakula cha usiku alikuwa amepata vipande viwili vya wimbo wanaouimba shuleni kwao. Hakujua mstari hata mmoja katika ile mitano. Mimi niliyeijua yote sikuweza kupiga hata hicho kipande kimoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miezi mitatu ile sikuwa najifunza kinanda, nilikuwa nakikimbia.

Sasa na tukitazame chombo chenyewe, kwa sababu wengi wanaokidharau hawajapata kukishika. Kinanda cha kawaida cha anayeanza kina matundu kumi, na nyuma ya matundu hayo vimo vilimi ishirini vya shaba. Kila tundu lina vilimi viwili: kimoja hulia mtu apulizapo, cha pili hulia avutapo pumzi ndani. Vilimi hivyo vimepangwa kwa hekima ambayo mwalimu yeyote angeionea wivu. Katika kinanda cha ufunguo wa C, mtu akipuliza tundu lolote kati ya kumi hayo hupata do, mi au sol, basi. Kwa hiyo hata mtoto ambaye midomo yake bado ni mipana, akapuliza matundu matatu kwa pamoja, hupata sauti zinazopatana. Hawezi kukosea akiwa anapuliza tu. Ni vyombo vingapi duniani vimpokeavyo mgeni kwa ukarimu wa namna hiyo? Fidla haimpokei hivyo. Tarumbeta haimpokei hivyo. Na sarufi yetu, kwa jinsi tuifundishavyo, haimpokei hivyo hata kidogo.

Huo ndio mlango. Lakini nyumba ina vyumba, na hapa naomba wale wasemao kwamba tunacheza tu wasikilize tunachofanya katika saa yetu moja ya kila wiki.

Wiki ya kwanza hatupigi wimbo. Tunajifunza kushika na kupumua. Kinanda hushikwa kwa mkono wa kushoto, namba zikiwa juu, tundu la kwanza likiwa upande wa kushoto. Mkono wa kulia hufunika nyuma kama kikombe. Kinanda huingia ndani ya midomo, hakigusi ncha tu. Anayekigusa kwa ncha hupoteza nusu ya pumzi yake pembeni. Pumzi hutoka tumboni, polepole, kama ya mtu anayepasha viganja joto asubuhi ya baridi. Nguvu ni adui. Kilimi cha shaba kikisukumwa kwa nguvu hulia chini ya sauti yake, au hukwama kabisa, na mwanafunzi hudhani kinanda ni kibovu, kumbe kibovu ni kile kishindo chake.

Wiki ya pili tunatafuta tundu moja pekee. Kazi hii ndiyo iwatoayo watu jasho. Mwanafunzi hukusanya midomo kama mtu apigaye mluzi, ailegeze, atafute tundu la nne. Mwanzoni hupata la tatu na la nne pamoja, au la nne na la tano. Asikasirike, na mwalimu asimkasirikie. Siku ile tundu moja litakapolia peke yake, safi, mwanafunzi atajua mwenyewe bila kuambiwa; uso wake utasema. Hapo humpa sauti tatu: tundu la tano puliza, la nne vuta, la nne puliza. Hizo ni mi, re, do. Kwa sauti tatu hizo mtu anaweza kuanza nyimbo kadhaa za watoto, na sikio lake litamwambia lini apande na lini ashuke.

Wiki ya tatu na ya nne tunapanda ngazi nzima kutoka tundu la nne mpaka la saba: puliza, vuta, puliza, vuta, puliza, vuta, kisha, kwenye tundu la saba, mambo yanageuka. Hapo ti hupatikana kwa kuvuta kwanza, na do ya juu kwa kupuliza. Kila mwanafunzi hujikwaa hapo. Kila mmoja! Basi naulizwa: kwa nini usiwaeleze mapema, kwa mchoro na jedwali, kwamba tundu la saba halifuati wenzake? Nami naliuliza hilo swali kwa lugha yetu. Je, mtoto wa Unguja au wa Kigoma alielezwa lini kwamba neno kifaru lina umbo la ki- lakini husemwa kifaru amekimbia, wala si kifaru kimekimbia? Hakuelezwa. Alisikia, akasema, akakosea, akacheka, akasema tena. Wanafunzi wangu vilevile hujikwaa kwenye tundu la saba, husikia kwamba ngazi imevunjika, hurudi nyuma, hutafuta, hupata. Kile mtu alichokipata kwa sikio lake hakimtoki. Jedwali nililomchorea ubaoni humtoka siku ya Ijumaa.

Nakiri kwamba kinanda hiki kina mapengo, wala sitaki kumdanganya mtu. Katika matundu matatu ya chini hakuna fa wala la, kwa sababu aliyepanga sauti zile alitaka mpigaji apate kuandamanisha sauti kwa pamoja, si kupiga kila wimbo. Juu kabisa, kwenye tundu la kumi, hakuna ti. Mwanafunzi atayafikia mapengo hayo, atauliza, na siku atakayouliza ndiyo siku ya kumwambia. Swali lake ndilo litakalofanya jibu likae. Jibu litanguliapo swali ni mzigo tu wa kubebeshwa.

Sasa nirudi kwa hoja za upande wa pili, nizijibu moja baada ya nyingine.

Wanasema ni kitu cha watoto. Hivyo ndivyo walivyosema watu wengi wa Ulaya na Marekani pia, mpaka wakaaibishwa. Mwaka 1951 mtunzi Mwingereza Ralph Vaughan Williams, mmoja wa watunzi wakubwa wa nchi yake, alitunga kipande kwa ajili ya kinanda cha mdomo kikiandamana na piano na vyombo vya nyuzi. Alimtungia Larry Adler wa Marekani, mtu ambaye alikuwa amepiga kwa sikio miaka mingi na kupata sifa kabla ya kujifunza kusoma noti. Mwaka 1952 Little Walter, mtu mweusi kutoka Louisiana aliyehamia Chicago, alirekodi wimbo uitwao "Juke", usio na maneno, ambao kinanda cha mdomo ndicho mwimbaji wake, ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi wa Marekani. Toots Thielemans wa Ubelgiji alikipiga katika jazi mpaka uzeeni. Je, hao ni watoto? Na hata kama kingekuwa kitu cha watoto, mimi nafundisha nani shuleni, wazee?

Wengine wanasema ni chombo cha kigeni, tupige ngoma zetu. Ngoma zetu tunazipiga, na tutaendelea kuzipiga. Lakini mwalimu wa Kiswahili awe mwangalifu sana anapotamka neno "kigeni". Kampuni ya Hohner, iliyokisambaza chombo hiki ulimwenguni, ilianzishwa mwaka 1857 katika mji wa Trossingen, Ujerumani. Na neno "shule" tulilichukua wapi kama si kwa Wajerumani? Mbona hatulifungii kabatini? Isitoshe, wazo lenyewe la kilimi chembamba kinachotikiswa na pumzi ni la kale katika Asia. Wachina walikuwa na chombo chao, sheng, karne nyingi kabla ya Mzungu kutengeneza chake. Ndugu yake mkubwa wa kinanda cha mdomo ni akodiani, ambayo vilimi vyake hutikiswa na upepo wa mifuo badala ya pumzi ya mtu. Nani atathubutu kwenda Unguja kuwaambia watu wa taarabu waitoe akodiani kwa kuwa ni ya kigeni? Au kuwaambia Wakikuyu waliokuwa wakicheza mwomboko kwa akodiani tangu enzi za ukoloni? Chombo ni cha yule akipigaye vizuri. Lugha vivyo hivyo. Tusipoamini hivyo, sisi walimu wa Kiswahili tulio nje ya pwani tunafanya kazi gani?

Hoja iliyo nzito ni ile ya noti, na sitaidharau. Ni kweli kwamba asiyesoma noti hufika mahali akakwama. Hawezi kupiga wimbo ambao hajausikia. Hawezi kumwachia mwingine wimbo wake kwa maandishi. Atategemea masikio ya wenzake. Kwa hiyo noti zifundishwe, nasema zifundishwe! Tunabishana juu ya siku tu. Katika klabu yetu mwanafunzi anayeweza kupiga nyimbo mbili bila kusimama ndiye tunayempa karatasi. Kwanza anaziandika kwa namba za matundu na alama mbili, moja ya kupuliza na moja ya kuvuta. Kisha kwa do, re, mi, ambazo wengi wamekwisha kuziona katika kwaya za makanisani. Mistari mitano huja mwisho. Kwa njia hiyo kila alama anayoiandika ni jina la sauti iliyokwisha kupita kinywani mwake. Mzee wetu alisema apigaye bila noti ni kama asemaye bila sarufi. Namshukuru, maana kwa mfano huo amenisaidia kuliko alivyokusudia. Yeye mwenyewe alisema lugha ya mama yake miaka mingapi kabla ya kulisikia neno "ngeli"?

Lakini nisiwe kama mtu aonaye kibanzi upande mmoja tu. Kuna wakosaji wa upande mwingine, nao ni vijana wanaojifunzia kwenye video za simu. Hao hawataki noti, hawataki pia tundu moja. Wamemwona Mmarekani akipinda sauti, akiishusha na kuipandisha kama mtu anayelia, nao wanataka kufanya hivyo siku ya pili. Kupinda sauti ni kazi ya ulimi na koo. Hubadilisha njia ya pumzi ndani ya kinywa mpaka vilimi viwili vya tundu moja viitike pamoja na kutoa sauti iliyo kati yao. Ni jambo zuri, na ndilo linalorudisha fa na la zinazokosekana chini. Lakini asiyeweza kulia tundu moja safi atapinda nini? Atavuta kwa nguvu, ataharibu kilimi, kisha atasema kinanda ni kigumu. Anayeahidi kumfanya mtu bingwa kwa siku saba ni ndugu wa yule anayetaka kumweka muhula mzima bila kupuliza. Wote wawili wanamnyima mwanafunzi mwanzo wake: mmoja kwa kuuchelewesha, mwingine kwa kuuruka.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Nilipokuwa mtoto, mwalimu mmoja wa kwaya alituweka mstarini, akapita akisikiliza kila mmoja. Aliponifikia alisimama, akaniambia: wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti. Nilifungua mdomo bila kutoa sauti kwa miaka mitano. Wazazi wangu waliniona kwenye sherehe za shule, wakafurahi, hawakujua kwamba mtoto wao alikuwa bubu. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini kwamba sina sikio. Hiyo ndiyo sababu ya kweli iliyonifanya nisome noti miezi mitatu: niliogopa kusikiwa.

Na bado sijasema lililo zito zaidi. Nilipokuwa mwalimu kijana nilimfanyia mwanafunzi wangu jambo lile lile. Alikuwa msichana mwenye juhudi, ambaye lugha ya kwao ilimfanya achanganye r na l. Siku moja, mbele ya darasa, alisema sentensi ndefu, yenye makosa manne hivi. Nilimkatiza katika kila kosa. Kosa la nne nikamwambia aketi mpaka atakapojua upatanisho wa ngeli. Darasa likacheka. Hakusema tena muhula ule, na muhula uliofuata aliacha somo. Hapa Uganda, ambako watu wengi kwa miaka mingi walikisikia Kiswahili kama amri ya askari, mtoto anayejaribu kwa hiari yake kusema sentensi ndefu ni zawadi. Niliipokea zawadi ile nikaitupa. Alikuwa ameileta pumzi yake, mimi nikamdai noti.

Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi yetu lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Maana yake ni kwamba wanaoanza ni wengi, na watazidi kuwa wengi: watoto, walimu wa masomo mengine, makarani, wazazi. Watatufikia wakiwa na midomo mipana, wakipuliza matundu matatu kwa mara moja. Tutawapokeaje? Tutawaambia wafungue midomo bila kutoa sauti?

Kwa hiyo, kabla ya kura, naleta mapendekezo yangu. Saa ya kinanda ibaki. Kila mwanafunzi awe na kinanda chake, kwa ajili ya afya. Na pale ambapo hatuna vya kutosha, viwe vile ambavyo kitana chake cha ndani ni cha plastiki, vioshwe kwa maji safi ya uvuguvugu na kukaushwa kabla ya kupewa mwingine, kwa sababu kitana cha mti huvimba kikilowa. Kinywa kisukutuliwe kabla ya kupiga. Noti zianze katika muhula wa pili. Na ye yote anayetaka kupiga kura ya kuvifungia vinanda kabatini, kwanza aje klabuni kwetu jioni ya Jumatano, achukue kimoja, atafute tundu la nne mbele ya watoto. Hatutamcheka. Tutamngojea mpaka alipate.

Wahenga walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Hawakusema kokochi likae kabatini mpaka liwe nazi.